Acheni kutafuta "jiniasi"

Jamani, nimechoka! Nikitaja usonji hapa Spring Valley, naulizwa: "Ana kipaji gani?" Halafu natajiwa Daniel Tammet, Mwingereza mwenye usonji anayeona namba kwa rangi na maumbo. Mwaka 2004, kule Oxford, alitaja tarakimu 22,514 za pai kwa kichwa. Hongera zake. Lakini kompyuta yangu kuukuu huzitoa kufumba na kufumbua, na hakuna anayeiita binadamu.

Ndugu msomaji, watoto wengi wenye usonji hawana kipaji cha namna hiyo. Wanahitaji walimu waliofunzwa na darasa, kama kitengo cha City Primary pale Ngara. Asiyejua pai afichwe chumbani? Mtoto halipii nafasi yake shuleni kwa maajabu.