Nywila na Ufunguo wa Pili Visikae Mfuko Mmoja

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliingia darasani akiwa na uso wa mfiwa. Akaunti yake ya michezo ya kompyuta, aliyoijenga kwa miaka mitatu, ilikuwa imetwaliwa usiku. Nywila yake (wengine husema nenosiri, na yote mawili ni sahihi) ilikuwa jina la timu aipendayo na mwaka wake wa kuzaliwa, naye aliitumia kila mahali, hata katika barua pepe. Wenzake walicheka wakisema huo ni mchezo tu. Mimi sikucheka, kwa kuwa ndani ya akaunti ile mlikuwamo fedha ya mzazi wake.

Wizi wa namna hii ni biashara. Desemba 2015 kampuni ya Valve, yenye soko la michezo la Steam, ilieleza kwamba akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zikiporwa kila mwezi, maana silaha na mavazi ya mchezoni huuzwa kwa fedha halisi. Mwaka 2018 wenye mchezo wa Fortnite waliwazawadia wachezaji mtindo mmoja wa kucheza dansi, bila malipo, iwapo wangewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Ni ajabu kwamba mtu ahongwe ili afunge mlango wa nyumba yake mwenyewe! Hata hivyo, hongo ile naisifu.

Hatua ya kwanza ni nywila. Ya pili, mara nyingi, ni tarakimu sita zinazotolewa na programu iliyomo simuni mwako, nazo hubadilika kila baada ya sekunde 30. Tarakimu zikiletwa kwa ujumbe mfupi ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini laghai anaweza kuihamishia namba yako ya simu kwenye laini yake.

Kuhusu nywila zenyewe, tumia programu ya kuzitunza, kama Bitwarden. Itakubunia nywila ndefu isiyokisika kwa kila akaunti, nawe utakariri moja tu, ile kuu. Tena ina faida ambayo watu huisahau: huilinganisha anwani ya tovuti na ile iliyohifadhiwa. Ukipelekwa kwenye tovuti bandia iliyobadilishwa herufi moja, jicho lako litapita bila kuona, lakini programu itakataa kuijaza nywila.

Sasa nafika penye ubishi. Programu nyingi za aina hii hukubali pia kutunza zile tarakimu za hatua ya pili. Je, uziweke humo? Mimi nasema usiziweke. Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za hazina za nywila za wateja wa LastPass. Hazina zilikuwa zimefungwa kwa msimbo, lakini aliyekuwa na nywila kuu dhaifu alibaki hatarini. Mtu akiifungua hazina yenye nywila na tarakimu pamoja, hatua zako mbili zimekuwa moja.

Najua utanijibu kwamba simu huibwa, au kwamba nyumbani mnatumia simu moja watu wanne. Hoja hiyo naikubali. Ikiwa chaguo lako ni kuviweka pamoja au kuacha hatua ya pili kabisa, viweke pamoja, ila barua pepe usiichanganye humo. Kwa kupitia barua pepe akaunti nyingine zote hufunguliwa upya.

Kisha ziandike zile namba za akiba, zinazotolewa unapowasha hatua ya pili, katika karatasi, uihifadhi pamoja na vyeti vyako. Mwanafunzi wangu alipofungua akaunti mpya aliziandika nyuma ya daftari lake la Kiswahili, chini ya jedwali la ngeli. Nilimwambia aung'oe ukurasa huo siku ile ile, kwa kuwa daftari hilo hukusanywa na kiranja kila Ijumaa.