Mafua Yasiyokwisha: Chanzo Kitafutwe Chumbani

Katika miji ya pwani ya Tanzania, mtu anayepiga chafya kila alfajiri, akiwashwa pua na kutokwa na makamasi mepesi kama maji, huambiwa ana mafua, naye hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Asipopata nafuu, hununua nyingine. Mazoea haya yafaa yakome. Mafua ya virusi kwa kawaida huisha baada ya siku chache. Yale yanayodumu kwa majuma bila homa, yakizidi mahali fulani au saa fulani, yaelekea kuwa ya mzio, na antibiotiki haitibu mzio. Kuitumia ovyo hujenga usugu wa bakteria tu.

Mzio ni kosa la kinga ya mwili. Kitu kisicho na madhara hudhaniwa kuwa adui, mwili ukatengeneza kingamwili za IgE dhidi yake, na kila kinapoingia puani histamini humwagika. Kwa hiyo, swali la kwanza ni kitu gani, ndipo lifuate la dawa gani.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Paka hufukuzwa, mwembe ukakatwa, na chafya zikabaki. Maua ya mwembe huchavushwa zaidi na wadudu. Chavua inayosumbua pua mara nyingi ni ya nyasi, inayopeperushwa na upepo. Paka kweli anaweza kuwa chanzo, lakini mshukiwa mkubwa zaidi pwani hulaliwa kila usiku: utitiri wa vumbi, mdudu wa takriban theluthi moja ya milimita, anayeishi katika magodoro, mito na makochi, akila magamba ya ngozi ya binadamu. Hustawi penye joto na unyevunyevu, na kinyesi chake ndicho kinachochochea mzio. Wengine ni mende na kuvu wa kuta zenye unyevu. Moshi wa kuni na wa sigara si kizio, ila huzidisha dalili.

Yapo ya kufanya bila gharama kubwa: kufua mashuka kila wiki, ikiwezekana kwa maji ya nyuzijoto 60, kuanika godoro na mito juani, kufungua madirisha, kufuta vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kulitimua kwa ufagio. Hata hivyo, hatua moja pekee mara nyingi haitoshi, na wengi watahitaji pia dawa ya mzio ya kupuliza puani au ya kumeza, kwa ushauri wa daktari.

Wajibu mkubwa ni wa watoa huduma. Kabla ya kuandika dawa, wamuulize mgonjwa analalia nini, dalili humzidi wapi, na kama hukohoa au kubanwa kifua usiku, kwa kuwa mafua ya mzio na pumu mara nyingi huandamana. Maswali hayo huchukua dakika chache. Kuyaacha kunaweza kumgharimu mgonjwa miaka ya dawa zisizomfaa.