Friza la jirani na jiwe la kusagia



Ukishuka kwenye kivuko cha Nyamisati na kupanda kuingia mjini Kilindoni, Mafia, utaona meza za chipsi, magenge, saluni na vibanda vya vocha. Rudi mwaka ujao. Baadhi vitakuwa vimefungwa, na pembeni vimefunguliwa vingine vinavyouza vitu vilevile. Wengi wetu tuna majibu mawili mkononi: karogwa, au mvivu. Leo yaweke kando yote mawili, tutazame mwezi.

Nasema mwezi wa angani. Kisiwani fedha huufuata. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, vyombo hupumzika. Pweza hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba kubaki wazi. Kusi likivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, mitumbwi midogo haitoki. Wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe huja zaidi kuanzia Oktoba hadi Februari, na masika wanapungua sana. Basi muuza chapati naye anafuata giza na bamvua, hata kama hajawahi kukanyaga ngalawa.

Mkopo wa kausha damu haujui bamvua. Unadai kila siku, au kila wiki. Mama amekopa akanunua friza la kuhifadhia samaki. Wakati wa giza analipa vizuri. Mbalamwezi inaingia, anachomoa mtaji kulipa marejesho. Halafu anakopa kwingine ili alipe kule kwa kwanza. Mwisho wanakuja kubeba friza. Wateja alikuwa nao. Kilichomwangusha ni tarehe.

Tunapenda kumsomea Luka 14, habari za mtu anayetaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Ni haki kabisa. Lakini Kumbukumbu la Torati 24:6 hatulisomi sana, nalo linamsema mkopeshaji: linamkataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa atakuwa amechukua uhai wa mtu. Friza lile ndilo jiwe la kusagia la mama yule.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Sawa, serikali ina sehemu yake. Ila baadhi ya wanaokopesha hivi tunakaa nao benchi moja, tunaimba nao kwaya. Na sisi tusiokopesha tunaenda dukani kwa mshirika mwenzetu tukisema, "Mpendwa niandikie, nitakupa Jumapili." Jumapili ipi? Kisha, duka halijamaliza hata mwezi, tumeshamwekea jina kwenye orodha ya wafadhili wa bati la kanisa. (Nami nimewahi kusoma orodha kama hiyo kwa sauti, sikujiuliza.)

Katika 2 Wafalme 4, mjane aliyekuwa karibu kunyang'anywa wanawe kwa deni aliambiwa auze mafuta, alipe deni kwanza, ndipo aishi kwa kinachobaki. Tazama majirani: walimwazima vyombo vitupu. Bila riba.

Kikundi chenu cha hisa hapo kanisani kinakusanya marejesho siku gani? Kama ni kila Jumamosi, zungumza na katibu wiki hii. Muulize kama wauza pweza wanaweza kulipa bamvua ikishapita.