Roho ya Mtu kwa Saa ya Mkononi
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu mabishano yamekuwa mengi mabwenini, na hata katika chumba cha walimu, juu ya nyimbo ziitwazo drili. Wako wasemao kwamba nyimbo hizi ni sumu, na yafaa zipigwe marufuku katika usiku wetu wa burudani. Wako na wengine ambao kwao waimbaji wake ni mashujaa, nao huandika majina yao katika madaftari na milango ya mabweni. Mimi naona pande zote mbili zakosea. Nitaeleza sababu zangu kwa habari za kijana mmoja, Bashar Jackson, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Pop Smoke.

Kijana huyu alizaliwa tarehe 20 Julai 1999 katika mji wa New York, akakulia Canarsie, sehemu ya Brooklyn. Mama yake asili yake ni Jamaika, na baba yake Panama. Alicheza mpira wa kikapu vizuri hata akapata nafasi ya masomo Philadelphia kwa ajili ya mchezo huo, lakini ilipogunduliwa kwamba moyo wake una kasoro alilazimika kuuacha. Mwaka 2018 akaanza kuimba.

Drili yenyewe ilikuwa imeanza Chicago karibu na mwaka 2011, ikavuka bahari mpaka London, na huko vijana wakaigeuza mapigo yake. Pop Smoke aliyapenda mapigo ya kijana mmoja wa London aitwaye 808Melo, akayatilia sauti yake nzito yenye mkwaruzo. Aprili 2019 alitoa wimbo "Welcome to the Party", na Julai mwaka huo albamu ya "Meet the Woo", yenye wimbo wa "Dior". Sauti hiyo ilifika hata kwa jirani zetu. Vijana wa Buruburu, Nairobi, walijiita Buruklyn Boyz, wakaimba drili kwa lugha ya mitaa yao. Basi asiseme mtu kwamba kazi hii ni kelele tupu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Albamu yake ya pili ilitoka tarehe 7 Februari 2020. Siku 12 baadaye, kabla ya alfajiri, watu waliofunika nyuso waliingia katika nyumba aliyopanga Los Angeles, wakampiga risasi, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 20. Polisi walieleza kwamba anwani ya nyumba ilikuwa imeonekana katika picha ya mfuko wa zawadi iliyowekwa mtandaoni. Mwaka 2021 askari mpelelezi aliiambia mahakama kwamba aliyefyatua risasi alikuwa na miaka 15, na kwamba saa waliyoichukua iliuzwa kwa dola 2,000. Albamu iliyotolewa Julai 2020, yeye akiwa kaburini, iliingia sokoni Marekani ikiwa ya kwanza.

Sasa nawageukia wanaotaka marufuku. Sikatai kwamba nyimbo nyingi za drili zasifu bunduki na kuwatukana wapinzani, na matusi hayo huweza kuchochea ugomvi. Lakini Oktoba 2019 polisi wa New York waliomba Pop Smoke na wenzake wanne waondolewe katika tamasha moja kubwa, nao wakaondolewa. Wimbo ulitoka jukwaani, bunduki zikabaki mitaani. Nasi tukizifuta drili katika usiku wa burudani, zitaimbwa nyuma ya bwalo, mahali ambapo hakuna mwalimu wa kusikiliza wala wa kuuliza maana yake.

Nawageukia na wenzangu wanaomwita shujaa. Twajua majina ya nyimbo zake zote, lakini nani kati yetu amemfikiria yule wa miaka 15? Huo ni umri wa ndugu zetu wa Kidato cha Pili. Alikuwa mtoto aliyeona kwamba saa ya mtu mwingine ina thamani kupita roho yake. Fikra hiyo haianzi kwa bunduki. Huanza tunapompima mwenzetu kwa viatu na simu ya likizo, na tunapomcheka aliyerudi shuleni na sanduku la mwaka jana. Huku kwetu hatuna bunduki mabwenini, lakini muhula huu mwenzetu amevunjiwa sanduku lake kwa sababu ya jozi ya raba.

Kwa hiyo natoa shauri langu. Drili iruhusiwe jukwaani, ila mashairi yawe ya kwetu wenyewe, na yapitiwe kwanza na mwalimu wa Kiswahili. Yako mambo mengi ya kuimba: foleni ya maji bombani, makondakta wanaowakataa wanafunzi vituoni, karo za chuo zinazowanyima usingizi wazazi. Atakayetaja bweni jingine kwa matusi ashushwe jukwaani papo hapo. Wazazi nao, badala ya kuzima redio tu, wakae na watoto wao na kuwauliza wanasikiliza nini. Na sisi, tunapokuwa likizoni, tusianike mtandaoni nyumba tunamolala wala vitu tulivyonavyo.

Mama yake Pop Smoke amekuwa akisema hadharani dhidi ya mauaji ya bunduki, na jamaa yake wanaendesha taasisi ya kuwasaidia vijana ambayo marehemu mwenyewe alikuwa ameianza. Anayempenda kijana yule na aanzie hapo.

Mwenye maoni tofauti na ajibu katika toleo lijalo.