Msusi aliyeandikwa mtegemezi

Safu ya Zuhura Mwinyikambi

Tupige mfano wa msusi wa Kariakoo. Ana viti vitatu, wasichana wawili aliowafundisha mwenyewe, na wateja wanaoanza kupanga foleni alfajiri kila mkesha wa Idi. Mumewe anapata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu Ohio, naye anaiacha saluni anamfuata. Kwenye karatasi za viza anaandikwa mtegemezi, neno ambalo hakuna aliyewahi kumwita tangu aanze kulipa kodi ya fremu.

Viza hiyo ya Marekani, F-2, haimruhusu kufanya kazi yoyote ya kipato. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa kudhani kazi ni ile ya kuajiriwa tu. Jumamosi anasuka watoto wa majirani kwa dola chache. Anauza sambusa. Ana ukurasa wa Instagram wa vitenge, na wateja wa nyumbani wanamlipa kwa M-Pesa. Akionywa, anajibu kwamba fedha zenyewe haziingii Marekani. Lakini kinachotazamwa ni mahali kazi inapofanyika, na mikono yake iko Ohio. Siku familia itakapoomba ukazi wa kudumu, fomu itamuuliza kama aliwahi kufanya kazi bila kibali, na sahihi yake itakuwa kiapo.

Mume akihitimu na kupata viza ya kitaalamu ya H-1B, mke anahamia H-4. Tangu tarehe 26 Mei 2015 baadhi ya wenza wa H-4 wanaweza kuomba kibali cha kazi, ambacho kinatosha hata kufungua biashara. Sharti lenyewe kwa kawaida ni kwamba mwajiri wa mume awe ameshamwombea ukazi wa kudumu na ombi hilo likubaliwe. Kwa hiyo saluni ya mke inasubiri bosi wa mume.

Uingereza mambo ni tofauti kabisa. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wamezuiwa kuja na wenza, ila anayefanya utafiti wa uzamivu bado anaruhusiwa, na mkewe anaweza kuajiriwa au kujiajiri. Mauzo yake yakizidi pauni 1,000 katika mwaka wa kodi, anajisajili kwa mamlaka ya kodi. Akitaka kupika vitumbua vya kuuza, anajisajili kwa halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, bila malipo. Basi. Uingereza haikuporomoka kwa sababu mke wa mwanafunzi anasuka rasta kwa risiti.

Linaloumiza zaidi halimo kwenye fomu. Mtu aliyekuwa na fedha zake sasa anaomba nauli ya basi. Ndoa ikiharibika, haki ya kubaki nchini inayumba pamoja nayo, na ukiwa huna kipato, wakili unamlipa na nini? Wapo wanawake wanaovumilia makofi kwa hesabu hiyo, na wapo wanaume waliowafuata wake zao ambao wanakaa kimya kwa aibu. Safu hii inaamini kwamba anayeruhusiwa kuishi na mwenzi wake katika nchi aruhusiwe pia kujitafutia riziki humo, alipe kodi kama wengine.

Afrika Mashariki nayo haina cha kujivunia. Kenya, hati ya mtegemezi peke yake haimpi mtu ruhusa ya kazi wala biashara. Tanzania, kwa amri ya Julai 2025, imewazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na saluni imo, isipokuwa iliyo hotelini au ya shughuli za utalii. Faini haipungui shilingi milioni 10. Kilio cha wachuuzi wa Kariakoo waliobanwa na wageni kilikuwa cha kweli na kilistahili kusikilizwa. Lakini Mkenya msusi aliyemfuata mumewe Dar es Salaam amefungiwa mlango uleule anaougonga mwenzake wa Ohio, na amri hiyo ingeweza kumwachia nafasi.

Yule wa Ohio, kwa sasa, asiguse kichwa cha mtu kwa malipo. Viza yake inamruhusu kusoma kwa muda, si masomo kamili, na hiyo ni nafasi ya kujifunza utunzaji wa vitabu vya biashara. Saluni ya Kariakoo aiache iendeshwe kweli na wengine, na kabla ya kupokea faida yake amwone mwanasheria wa uhamiaji. Wale wasichana wawili kazi wanaijua.