Zawadi Haifuti Deni

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno hilo ni kweli. Walakini haki hutangulia hisani, na atangulizaye hisani huidanganya nafsi yake.

Mfano ni Robert F. Smith wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1962 mjini Denver, mwana wa walimu, akasomea uhandisi wa kemikali. Mwaka 2000 alianzisha kampuni ya Vista Equity Partners. Kazi yake ni kukusanya mitaji ya watu, kununua makampuni ya programu za kompyuta, kuyatengeneza, kisha kuyauza kwa faida. Kwa kazi hiyo akawa bilionea. Mei 2019, katika mahafali ya Chuo cha Morehouse mjini Atlanta, alitangaza kuwa angewalipia wahitimu wote wa mwaka ule madeni ya masomo. Walikuwa karibu 400, na gharama ikafika dola milioni 34.

Oktoba 2020 ilisikika habari nyingine. Smith alikiri kuwa kwa miaka 15 aliificha nje ya nchi sehemu ya mapato yake, zaidi ya dola milioni 200, asiilipie kodi. Alikubali kulipa dola milioni 139 na kuisaidia serikali katika uchunguzi wake, naye hakushtakiwa.

Wako wasemao kuwa wema wake umefunika kosa lake. Sikubaliani nao. Sidharau zawadi ya Morehouse. Vijana wale walituliwa mzigo wa kweli. Lakini zawadi humwendea yule amtakaye mtoaji, siku aitakayo, na mtoaji hushangiliwa. Kodi humwendea mgonjwa na mzee asiyemjua mlipaji, wala hakuna apigiwaye makofi kwa kuilipa. Mfagiaji hukatwa kodi kabla ya kuushika mshahara wake. Kwa nini tajiri ajichagulie atakachotoa, na maskini asichague?

Enyi vijana, baadhi yenu mtatajirika. Siku hiyo msiulizane nani ametoa zaidi. Ulizaneni kwanza nani amelipa anachodaiwa. Aliyekwisha kulipa akitoa, hutoa mali yake. Asiyelipa akitoa, hutoa mali ya watu, kisha hungoja kushukuriwa.