TUSIMFUTE KOCHA KWA SABABU YA KELELE

Nimeshika kalamu kulizungumzia jambo ambalo limetugawanya shuleni, ndani ya matatu, kwa kinyozi na hata nyumbani wakati wa chakula. Je, timu ikifanya vibaya, kocha mkuu afutwe kazi au abakizwe? Mimi nasema abakizwe mpaka siku mliyokubaliana naye ifike. Najua wengi hamtapenda maoni haya. Hata hivyo naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnizomee.

Tuanze na Harambee Stars kwa sababu hiyo ni yetu sote. Mnamo Machi 2025 Benni McCarthy wa Afrika Kusini, mshambulizi wa zamani aliyeshinda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na Porto mwaka 2004, alipewa kazi ya kuinoa timu yetu ya taifa. Agosti mwaka huo huo tukaandaa mashindano ya CHAN pamoja na Uganda na Tanzania. Kundi letu lilikuwa na Morocco, DR Congo, Angola na Zambia. Kusema kweli wengi wetu tulitarajia aibu. Lo! Kenya ikailaza DR Congo 1-0, ikatoka sare 1-1 na Angola, ikaipiga Morocco 1-0 tukiwa na wachezaji kumi uwanjani, kisha ikaifunga Zambia 1-0. Tukaongoza kundi! Na Morocco hao hao ndio walionyakua kombe mwishowe. Hata Madagascar ilipotutoa kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali, watu waliondoka Kasarani wakiimba. Siku zile ungemsema McCarthy vibaya ndani ya matatu ungeshushwa kabla ya steji yako.

Septemba haikuchelewa. Gambia walikuja papo hapo Kasarani wakatupiga 3-1 katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia. Novemba tukacheza na Senegal huko Uturuki, mechi ya kirafiki, tukafungwa 8-0. Nane jamani! Hata urafiki una mipaka. Basi wale wale waliokuwa wakiimba jina la kocha mnamo Agosti wakaanza kupiga kelele ati arudi kwao. Hebu tujiulize: mtu aliyekuwa na akili Agosti aliipoteza wapi kabla ya Novemba? CHAN ni ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani tu, na Senegal ile ilikuja na akina Sadio Mané. Mechi hizo si kitu kimoja, lakini aliyekasirika hana muda wa kutenganisha mambo.

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi Wakenya tunaijua methali hii darasani, tunaipatia maki zote, halafu tukifika uwanjani tunaisahau. Mnataka ushahidi? Nitawapa ule unaoniuma zaidi, ingawa wakati huo sikuwa nimezaliwa na niliusikia kwanza kwa mjomba wangu.

Mwaka 2008 Harambee Stars ilikuwa chini ya Francis Kimanzi, kocha Mkenya. Tulikuwa kundi moja na Guinea, Zimbabwe na Namibia katika safari ya kwenda Kombe la Dunia la 2010. Kenya ikapenya mpaka raundi ya mwisho, na Desemba 2008 tukapanda hadi nambari 68 katika orodha ya FIFA, nafasi bora zaidi katika historia yetu. Sasa ungefikiri kocha kama huyo angejengewa nyumba. La hasha! Januari 2009 akaondolewa baada ya kutoelewana na wakubwa wa kandanda. Akaletwa Antoine Hey kutoka Ujerumani mwezi wa Februari. Raundi ya mwisho tulikuwa na Nigeria, Tunisia na Msumbiji, na Kenya ikamaliza ya mwisho ikiwa na pointi tatu peke yake katika mechi sita. Hey mwenyewe hakumaliza mwaka. Mjomba husema kwamba mwaka ule ndio aliacha kununua tikiti za Harambee Stars. Sisemi Kimanzi angetufikisha Afrika Kusini. Hakuna ajuaye. Nasema tulikuwa na kocha aliyewajua vijana wake na vijana wakamjua, tukamtoa katikati ya mto, tukampa usukani mgeni ambaye alikuwa bado anajifunza majina.

Wengine nitawapita haraka. Bernard Lama, golikipa wa zamani wa Ufaransa, alikuja mwaka 2006 akaondoka baada ya miezi miwili. Paul Put wa Ubelgiji alitupa kombe la Cecafa Desemba 2017 kule Machakos, kisha Februari 2018 akaaga mwenyewe. (Kwa hivyo si mashabiki na wakubwa peke yao wasio na subira. Makocha nao wana miguu.)

Lakini huyu Adel Amrouche sitampita. Alitwaa kombe la Cecafa mwaka 2013 hapa Nairobi, tarehe 12 Desemba, siku Kenya ilipotimiza miaka hamsini ya uhuru. Tuliwafunga Sudan 2-0, mabao yote ya Allan Wanga. Agosti 2014 Lesotho wakatutoa katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Afrika kwa jumla ya bao moja, na mara Amrouche akafutwa. Mkataba wake ulikuwa haujaisha. Akashtaki, kesi ikafika mbali, akashinda, na Kenya ikajikuta inadaiwa zaidi ya shilingi milioni 100. Bobby Williamson aliyemfuata naye aliondolewa mapema mwaka 2016. Naye akashtaki. Naye akashinda.

Milioni 100! Wacha tupige hesabu kidogo kama mwalimu wetu wa Hisabati apendavyo. Tuseme mpira mmoja mzuri ni shilingi 2,500. Hizo ni mipira 40,000. Shule yetu ina mipira mitatu, na mmoja kati ya hiyo mitatu unapumua kama mgonjwa. Kwa hivyo mtu anapopaza sauti "Kocha aende!" namuuliza tu: nani atalipa? Yule anayepiga kelele jukwaani halipi hata senti, anarudi nyumbani kula ugali wake. Hasara inawaangukia vijana wanaochezea vumbi.

Tena kuna jambo ambalo hatupendi kulitazama, nalo ni yale ambayo kocha hana uwezo nayo. Mwaka 2024 Harambee Stars ilikuwa chini ya Engin Fırat wa Uturuki. Viwanja vyetu havikuwa vimekubaliwa kuandaa mechi za kimataifa, kwa hivyo mechi zetu za "nyumbani" zilichezwa Lilongwe, Malawi, na Kampala, Uganda. Nyumbani gani hiyo ambapo unahitaji pasipoti? Tukakosa tikiti ya Kombe la Afrika la 2025, Fırat akaondoka Desemba 2024, na watu wakashangilia kana kwamba ni yeye aliyeng'oa nyasi za Nyayo. Sina haja ya kumtetea Fırat kwa kila kitu, kuna mechi alizopanga vikosi ambavyo hata mimi sikuvielewa. Lakini ukimfuta dereva kwa sababu barabara ina mashimo, dereva mpya ataingia mashimo yale yale.

Rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Nne, shabiki sugu wa Chelsea, alinikabili kwenye mdahalo wa chama chetu akanitolea mfano mzito. Alisema mwaka 2012 Chelsea walimfuta André Villas-Boas mwezi wa Machi, wakampa kazi msaidizi wake Roberto Di Matteo, na Mei hiyo hiyo wakashinda Ligi ya Mabingwa kule Munich. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nakubali, huo ni ukweli, na ni mfano mzuri kuliko yote niliyoisikia upande ule. Lakini tazameni vizuri. Di Matteo alikuwa ndani ya nyumba tayari, anawajua wachezaji, nao ni akina Drogba, Lampard na Čech, watu ambao hawakuhitaji kufundishwa kupiga mpira. Na Chelsea walikuwa na tajiri wa kulipa fidia bila kutoa jasho. Sisi tuna nini? Isitoshe, Di Matteo mwenyewe alifutwa Novemba 2012, miezi sita tu baada ya kombe lile! Rafiki yangu hapo alinyamaza, ingawa alisema baadaye kwamba alikuwa anatafuta mfano mwingine.

Mimi nami nitamkumbusha Alex Ferguson. Aliingia Manchester United Novemba 1986, na kombe lake la kwanza la maana alilipata Mei 1990. Hiyo ni miaka mitatu na nusu, karibu sawa na muda wa kutoka Kidato cha Kwanza hadi mtihani wa mwisho. Kuna siku mashabiki wake wenyewe walitaka aende. Angefutwa wakati huo, yale mataji 13 ya ligi wangeyaona kwa jirani.

Sasa nije nyumbani, maana mkuki kwa nguruwe. Nyote mnajua tulifungwa 4-1 katika mechi za kaunti ndogo. Mnajua pia kwamba kuna karatasi iliyokuwa ikizunguka Kidato cha Tatu, ikitafuta sahihi ili mwalimu wetu wa michezo aondolewe na atafutwe kocha wa kukodi kutoka mjini. Mimi sikutia sahihi, na walionipita wakiniita kibaraka wa walimu nawasamehe.

Nitawaambia sababu yangu. Sisi ni shule ya kutwa. Kengele ya mwisho ikilia saa kumi, wachezaji wawili wanakimbilia matatu ya kwanza kwa sababu baada ya saa kumi na moja nauli inapanda. Mlinzi wetu wa kati humsaidia mama yake kibandani kuuza mboga, kwa hivyo anakuja mazoezini Jumanne peke yake. Golikipa anatembea kilomita saba. Timu iliyotupiga 4-1 ni ya bweni. Wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanafanya mazoezi asubuhi na jioni. Mwalimu wetu anafundisha vipindi vyake, anasahihisha madaftari yetu, kisha anavua koti na kuingia uwanjani na filimbi yake ya kununua mwenyewe. Kipindi cha kwanza tulikuwa 1-1, wangapi wanakumbuka? Tulichoka. Miguu ilikwisha. Huyo kocha wa mjini ataleta miguu mipya kutoka wapi?

Na atalipwa na nani? Niliposoma karatasi ile niliona imeandikwa kwamba wazazi waongeze "kitu kidogo" kwenye karo. Wenzangu, muhula uliopita wangapi walirudishwa nyumbani kwa karo? Winga wetu wa kulia alikosa wiki mbili. Mkiongeza hicho kitu kidogo mtapata kocha mpya na mtampoteza winga. Mtapata faida gani hapo?

Sitaki mtu atoke hapa akisema nimeandika kwamba kocha ni mfalme, asiguswe. Hapana. Kocha anayechukua hongo ili kupanga wachezaji, au anayewatukana na kuwapiga vijana, au asiyefika mazoezini, huyo aende hata kama anashinda kila Jumamosi. Na yule ambaye muda wake umefika na kazi haionekani, aambiwe asante na kwaheri, bila matusi. Ninachopinga ni ule mtindo wa kumpima mtu kwa mechi ya jana. Kocha aambiwe siku ya kwanza: una muda huu, tunatarajia hiki, tutakaa chini tarehe fulani. Sébastien Migné alipewa timu Mei 2018 akaachiwa amalize mechi zote za kufuzu, na mwaka 2019 tukaenda Misri, mara yetu ya kwanza katika Kombe la Afrika tangu 2004. Tukawafunga Tanzania 3-2 huko. (Agosti mwaka huo huo Tanzania hao hao wakatutoa kwa penalti katika mechi za kufuzu kwa CHAN, na Migné naye akaondoka. Hatujifunzi!) Ndiyo maana tangu Kenya, Uganda na Tanzania zilipopewa Kombe la Afrika la 2027, huwa najiuliza kama tutaingia huko na kikosi kilichokaa na mwalimu mmoja, au na mgeni mwingine anayesoma majina kwenye jezi.

Hayo ya taifa yana wenyewe. Ya hapa shuleni tunayaweza. Nimeandika karatasi nyingine. Haimtaji kocha hata kidogo. Inaomba mambo matatu: mipira miwili mipya, michezo ya Jumatano ianze saa tisa badala ya saa kumi ili wanaotoka mbali waweze kufanya mazoezi na wapate matatu, na chama cha wazazi kimsaidie golikipa nauli ya siku za mazoezi. Mwalimu apewe muda mpaka mechi za mwaka ujao zikamilike, kisha tukae naye chini. Karatasi iko kwa katibu wa michezo, na anayetaka kutia sahihi amwone wakati wa chai ya saa nne. Mpaka leo asubuhi ilikuwa na majina kumi na tisa. Lile la Chelsea bado halijafika.